Sura ya Sita: Saladi ya Kiangazi

Mwezi wa sita ukifika Usukuma, mvua zimekatika, mahindi na mtama viko ghalani, na pamba imeanza kupasuka nyeupe mashambani ikisubiri kuchumwa. Ndiyo miezi ya harusi. Kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, na kutoka Kahama kwenda Geita kwa njia ya Kakola, Jumamosi haipiti bila turubai kuwambwa mahali na spika kusikika mbali. Meza ya sherehe inajulikana: pilau, nyama ya ng'ombe, kuku wa kukaanga, ndizi, kabichi, kachumbari, na mwisho wa foleni kipande cha tikiti maji. Ni meza nzuri, imewalisha watu wetu kwa heshima. Lakini ina pengo linalonisumbua kila ninapoitazama. Maziwa hayapo. Tuko katika nchi ya ng'ombe, mahari yetu huhesabiwa kwa ng'ombe, mtu tajiri hutajwa kwa ukubwa wa zizi lake, na siku ya furaha kubwa kuliko zote mnyama huyo hufika mezani kwa njia moja tu, akiwa nyama.

Sura hii inataka kuziba pengo hilo kwa sinia moja: matunda ya msimu, majani mabichi, karanga zilizokaangwa, na juu yake jibini laini iliyotengenezwa asubuhi ile ile kwa maziwa ya jirani. Kila kitu kinachohitajika kinapatikana kati ya Shinyanga na Geita. Sitaki msomaji aagize chochote kutoka Dar es Salaam, sembuse ng'ambo. Miji ya dhahabu imezoea kununua kutoka mbali kwa sababu ina fedha ya kununulia, na mazoea hayo yamefanya jibini ionekane chakula cha wageni wa mgodini na wa hotelini. Jibini ni maziwa, limau na moto. Vyote vitatu tunavyo.

Tuanze na maziwa, kwa sababu hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Mvua za ukanda huu huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuisha Aprili au Mei. Ndama wengi huzaliwa majani yakiwa mengi, na maziwa hujaa vibuyu mwezi wa pili na wa tatu. Kufikia Agosti nyasi zimekuwa kama waya, ng'ombe wanatembea mbali kutafuta maji, na ng'ombe wa asili, ambaye hata nyakati nzuri humwachia mfugaji lita moja au mbili tu kwa siku baada ya ndama kunyonya, huanza kukauka. Kwa hiyo sherehe zetu nyingi huangukia majira ambayo maziwa ni haba. Anayeandika juu ya jibini ya kiangazi Shinyanga bila kulisema hili anamdanganya msomaji.

Maziwa ya Agosti yana historia yake, nayo inaitwa ngitili. Wasukuma tangu zamani walikuwa wakitenga sehemu ya malisho, wakaifunga mvua zinapoanza, wasiiruhusu mifugo kuingia mpaka kiangazi kimekolea, Julai au Agosti. Nyasi zilisimama mle zikisubiri ndama, ng'ombe wanaokamwa na wanyama wagonjwa. Utaratibu huo ulivurugwa na mambo mengi. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa kwa maelfu ya hekta ili kuangamiza mbung'o. Kilimo cha pamba kikapanuka. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini, mbali na ngitili zao. Kufikia mapema miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kama nchi inayogeuka jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na jambo la busara kuliko yote ambalo mradi ule ulifanya ni kuacha kulazimisha miti ya kigeni na kurudi kwa wananchi kuuliza wao wenyewe walikuwa wakihifadhije ardhi. Jibu likawa ngitili. Wakati huo zilizobaki zilikuwa hekta mia sita hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa yamevuka hekta 300,000 katika mkoa wa Shinyanga wa zamani, ule uliokuwa bado haujamegwa kutoa Simiyu na sehemu ya Geita mwaka 2012.

Nimeirefusha habari hii makusudi. Ukimwona mama anashusha dumu la maziwa mlangoni kwako katikati ya Agosti, ujue nyuma yake kuna familia iliyokubali kutoigusa nyasi yake kwa miezi minane. Mara nyingi kuna mashudu ya pamba pia, yale yanayobaki baada ya mbegu kukamuliwa mafuta, ambayo ni chakula cha nguvu kwa ng'ombe wa maziwa wakati malisho yamekwisha. Nyasi iliyotunzwa na mashudu ya kiwandani ndivyo vinavyoleta jibini ya sikukuu, na vyote ni kazi ya mikono ya watu wa hapa hapa.

Maziwa haya tumeyafanya nini siku zote? Tumeyagandisha yakawa mtindi wa kulia ugali. Tumeyasuka kwenye kibuyu mpaka siagi ikajitenga, tukaiyeyusha ikawa samli. Samli ya Kanda ya Ziwa iliuzwa mbali wakati wa ukoloni. Jibini haikuwa desturi ya Wasukuma, wala ya wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, lakini haikuwa mbali nasi. Ethiopia wana ayib: mtindi uliokwisha kutolewa siagi hupashwa moto taratibu mpaka ukakatika, kisha huchujwa, na hutumika kupoza ukali wa pilipili mezani. Wahindi waliofungua maduka na viwanda vya kuchambulia pamba katika miji yetu walikuja na paneer yao, jibini inayokatishwa kwa limau au siki. Huko Njombe kiwanda cha maziwa kimezoesha watu wa nyanda za juu jibini za mtindo wa Kiitaliano. Sisi wa nchi ya ng'ombe wengi tumebaki nyuma, na sioni sababu.

Nitaeleza jibini ya limau, kwa kuwa haihitaji kimeng'enya cha dukani wala friji ya kukomazia, na inaliwa siku ile ile.

Chukua lita nne za maziwa mabichi ya asubuhi. Yawe ya mtu unayemwamini, kwa sababu maziwa yaliyoongezwa maji hayatoi jibini ya maana, na utaligundua hilo siku ambayo wageni wako njiani. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila kuharibika hayafai. Yamepashwa joto kali mno, na ukiyakatisha hutoa ujiuji badala ya mabonge. Ng'ombe wetu wa asili, pamoja na uchache wa maziwa yake, ana sifa hapa: maziwa yake yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wa kizungu, na jibini yake hutoka laini na yenye ladha nzito.

Chuja maziwa kwa kitambaa safi, yamimine kwenye sufuria yenye kitako kizito, uweke kwenye moto wa wastani. Koroga kwa mwiko ukigusa chini, maana maziwa yakishika chini jibini nzima itanuka moshi. Ngoja mpaka povu linaanza kupanda ukingoni na mvuke unatoka kwa wingi, kabla tu hayajafurika. Kama una kipimajoto, ni kati ya nyuzi 85 na 90. Joto hilo lina kazi mbili. Kwanza linaua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya bruselosi, ile homa inayorudirudi na kuumiza viungo, ambayo wafugaji wengi huipata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Pili, joto hulegeza protini nyepesi za maziwa, zile ambazo kwa kawaida hukimbilia kwenye maji, zikashikamana na protini nzito. Jibini inakuwa nyingi zaidi.

Maziwa yakikatika yenyewe juu ya moto kabla hujatia kitu, yalikuwa yameanza kuchachuka njiani. Usiyatumie kwa wageni.

Epua. Ngoja kidogo povu litulie. Hapo uwe umekamua limau au ndimu na kuchuja mbegu, ukapata kama robo tatu ya kikombe cha chai. Usimwage yote. Tia vijiko viwili, zungusha mwiko mara moja polepole, ngoja, uongeze tena. Baada ya muda mfupi utaona maziwa yanagawanyika: mabonge meupe yanaelea, na katikati yake kunabaki maji ya rangi ya kijani hafifu yanayopitisha mwanga. Maji yakiwa bado meupe kama maziwa, ongeza limau. Yakishakuwa angavu, acha hapo hapo, kwani limau likizidi jibini huwa ngumu na chungu. Kinachotokea ndani ya sufuria ni kwamba protini kuu ya maziwa huelea kwa sababu vipande vyake vinasukumana. Asidi huondoa msukumano huo, vikakumbatiana na kuyafungia mafuta ndani yake. Ndiyo maana jibini hii haiyeyuki ikipashwa moto. Unaweza kuikata vipande na kuikaanga, itabaki na umbo lake.

Funika sufuria kwa dakika kumi. Tandika kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa juu ya chujio, mimina kwa upole. Yale maji yanayoshuka yakinge, nitayarudia. Suuza mabonge kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa ili ukali wa limau upungue. Nyunyiza chumvi kijiko kimoja cha chai, changanya kwa vidole vilivyonawa kwa sabuni, kisha kusanya pembe za kitambaa na kuzifunga. Ukiining'iniza dakika ishirini utapata jibini laini ya kumegamega. Ukiiweka kati ya sahani mbili na kuikandamiza kwa sufuria yenye maji kwa saa nzima, utapata kitofali unachoweza kukikata kwa kisu. Kwa saladi ya kiangazi mimi huichagua ya kumegamega, kwa sababu inashika mchuzi wa ukwaju vizuri zaidi. Lita nne zitakupa nusu kilo na zaidi, pengine karibu robo tatu kama maziwa yalikuwa mazito.

Chumvi nayo ina historia katika nchi hii. Kabla ya pakiti za dukani, Wasukuma walikuwa wakienda kwa misafara hadi Ziwa Eyasi kuifuata, safari ya siku nyingi kupita nyika ya simba na njaa, na kijana aliyerudi nayo alipokewa kama mtu mzima. Bibi zetu hawakuipoteza punje. Nasi tuitie kwa kipimo.

Sasa matunda. Hapa ukanda wa dhahabu unatofautiana na Shinyanga, na tofauti hiyo ni faida kwetu. Geita ipo karibu na Ziwa Victoria na hupata mvua nyingi zaidi, kwa hiyo mananasi hustawi huko. Hupangwa kando ya barabara, na mtu akisimama akayanusa atajua lililoiva bila kulibonyeza. Tikiti maji hulimwa kandokando ya ziwa kwa kumwagilia, na Julai huwa tamu kuliko la masika kwa sababu halikunywa mvua kupita kiasi. Papai lipo mwaka mzima. Machungwa huja kwa malori kutoka Tanga, na nimesema sitaki kuagiza mbali, basi tuyaache. Shinyanga yenyewe, kavu kama ilivyo, ina ukwaju na ubuyu, matunda yanayokomaa wakati huu huu wa kiangazi. Ukwaju, ambao Wasukuma huuita bushishi, tumeujua kwenye uji. Kwenye saladi unafanya kazi ya siki, na unaifanya vizuri kuliko siki.

Wamisri hula tikiti maji na jibini nyeupe yenye chumvi wakati wa joto, na Waturuki na Wagiriki vivyo hivyo. Baridi ya tunda, utamu wake, na chumvi ya jibini vinaitana. Anayefikiri tunda na jibini havikai pamoja aanze na tikiti, atabadilika kwa tonge la kwanza.

Lakini kuna jambo ambalo mapishi mengi hayalisemi, na linaharibu saladi za watu. Kila mpishi wa Kitanzania anajua kwamba nyama ngumu hulainishwa kwa papai bichi. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachovunja protini, na nanasi bichi lina chake. Jibini ni protini. Ukichanganya nanasi bichi na jibini saa nne asubuhi, kufikia saa nane mchana utakuta jibini imelegea, imetoa maji na kuwa chungu. Wengi hulaumu maziwa. Maziwa hayana kosa. Dawa yake ni moto: kata nanasi mapande mapana, yaweke juu ya wavu wa jiko la mkaa dakika mbili tatu kila upande mpaka yapate alama za kahawia. Joto linakiua kimeng'enya, na sukari ya nanasi inaungua kidogo na kupata harufu ya sherehe. Wageni watauliza ni kitu gani. Kwa papai, tumia lililoiva sawasawa, maana utomvu wake umeshapungua sana, na ulichanganye mwishoni kabisa.

Mchuzi wa saladi ni huu. Loweka ukwaju wa kiganja kimoja katika maji ya moto nusu kikombe, uufikiche, uchuje. Ongeza vijiko viwili vya asali. Asali ya misitu ya miombo upande wa Bukombe ni nyeusi na nzito, na ndiyo ninayoipenda kwa kazi hii. Ongeza vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, chumvi kidogo, na pilipili mbuzi iliyokatwa nyembamba bila mbegu. Usitumie mafuta ya pamba ambayo hayajasafishwa, hata kama yanatoka kwa jirani na ni ya bei rahisi: mbegu ya pamba ina sumu ya asili inayoitwa gosipoli, na kiwanda ndicho kinachoiondoa. Tikisa mchuzi ndani ya chupa. Onja. Uwe mchachu kwanza, tamu baadaye, na mkali mwishoni.

Kwa watu kumi hadi kumi na wawili, saladi ikiwa kitoweo cha pembeni, andaa nanasi moja kubwa lililochomwa, papai moja la wastani, robo ya tikiti maji kubwa lililotolewa mbegu, matango mawili, kitunguu maji chekundu kimoja kilichokatwa nyembamba na kusuguliwa kwa chumvi kisha kuoshwa, nanaa kiganja kizima, na karanga za kukaanga robo kilo, zilizotwangwa nusunusu zibaki na vipande vya kutafuna. Karanga za Shinyanga ni ndogo na zina mafuta. Zichague kwa makini, kila iliyokunjamana au yenye ukungu itupwe, kwa sababu ukungu wa karanga huacha sumukuvu isiyoondoka hata kwa kukaanga.

Usafi wa saladi ni jambo la uhai. Chakula kisichopikwa hubeba chochote kilichokigusa. Kipindupindu kimewahi kupiga mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo, hata mapema mwaka 2024. Sehemu kubwa ya Shinyanga na Kahama sasa inapata maji ya Ziwa Victoria yanayosukumwa kutoka Ihelele, na hayo yanatibiwa. Lakini bomba likikatika watu hurudi kwenye kisima na boza, na sherehe haisubiri bomba. Osha matunda mazima kabla ya kuyakata, kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji kwa kipimo cha pakiti. Nanaa izamishwe humo nusu saa.

Kwa wasomaji wa Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na kila mahali dhahabu inapooshwa kwa mikono, nina neno ambalo nataka lishikwe kuliko mapishi yote ya kitabu hiki. Karai, beseni au sufuria iliyowahi kuchanganyiwa zebaki isiingie jikoni. Isioshewe tunda, isikandiwe unga, isikingiwe maziwa, hata ikisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ing'ae. Zebaki haionekani ikibaki kwenye mikwaruzo ya chuma, na haina harufu. Inaumiza mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kupunguza matumizi yake, lakini mkataba hauingii jikoni kwako kukagua vyombo. Wewe ndiye mkaguzi. Kununua beseni jipya la saladi ni gharama ndogo. Na anayechoma zebaki asiichome karibu na jiko wala mahali maziwa yanapopoa, kwa sababu mvuke wake hutua juu ya kila kitu.

Kupanga sinia ni kazi ya nusu saa ya mwisho, wageni wakiwa tayari wanaingia. Tandika matango na tikiti chini, nanasi lililopoa juu yake, kisha papai. Mimina nusu ya mchuzi. Megea jibini kwa vidole, mabonge ya ukubwa tofauti, usiikoroge na matunda isije ikapaka kila kitu weupe. Kitunguu, nanaa, karanga. Mchuzi uliobaki uje mezani ndani ya bakuli na kijiko chake, ili mzee asiyependa pilipili ajihudumie anavyotaka. Sinia lisikae juani. Bila friji, jibini hii ni ya siku moja, na katika joto la Septemba isikae wazi zaidi ya saa mbili. Ndani ya friji hukaa siku mbili tatu.

Wazee wapewe kwanza, na wapewe wakiwa wameketi, wala wasisimamishwe foleni na sahani mkononi. Nimeona wazee wakisita mbele ya sahani yenye tunda na chumvi pamoja. Usiwabembeleze kwa maneno mengi. Waambie ni maziwa ya ng'ombe wa fulani, utaje mwenye ng'ombe kwa jina la ukoo wake. Kwa Msukuma maziwa yenye mwenyewe ni maziwa ya kuaminika, na mazungumzo juu ya ng'ombe yakishaanza sahani itamalizika yenyewe.

Desemba mambo hubadilika. Maembe yameshuka, ya Tabora na ya kwetu, mvua zimerudi na maziwa yameanza kupanda. Saladi ya Krismasi iwe ya embe lililoiva lakini bado gumu kidogo, tango, pilipili mbuzi na jibini. Ukwaju upungue, kwa sababu embe dodo lina uchachu wake, na ubuyu uliosagwa kijiko kimoja unyunyizwe juu. Kwa maonesho ya madini yanayofanyika Geita kila mwaka kuelekea mwisho wa kiangazi, ambako mama lishe huuza chakula kwa watu waliotoka mikoa yote na nje ya nchi, ningependa kuona saladi hii ikiuzwa kwa sahani ndogo: nanasi la Geita, jibini ya Geita, karanga za Shinyanga. Mgeni aonje nchi inayomchimbia dhahabu.

Yale maji uliyokinga usiyamwage. Yana sukari ya maziwa, madini na protini kidogo. Songea ugali badala ya maji ya kawaida, kandia unga wa chapati, au mpe ndama. Kwa lita nne za maziwa utakuwa umebaki na zaidi ya lita tatu za maji hayo. Watu ambao maziwa mabichi huwasumbua tumbo mara nyingi huiweza jibini hii kwa kiasi, kwa sababu sehemu kubwa ya sukari inayowasumbua imebaki kwenye maji. Watahadhari na maji yenyewe.

Gharama kubwa ya sinia zima ni maziwa. Kiangazi bei hupanda, na inapanda kwa haki, kwa sababu lita ya Agosti ina mashudu na ngitili ndani yake. Basi kama una harusi, kipaimara au Idi mwaka huu, nenda kwa mama anayekuletea maziwa wiki mbili kabla, umwagize lita za ziada za siku ile, umpe malipo ya awali anunulie mashudu, na usimpunguzie bei.